Mkanda wa stima, chupa ya maji moto na fizio wa Donholm: vile mgongo wangu ulipona

Nilikuwa nimesema nitaandika hii kitu nikipona vizuri, na leo nimeshona sketi kumi na mbili tangu asubuhi na mgongo umenyamaza, kwa hivyo wacha niandike. Wiki ya pili ya Januari mgongo ulinishika vibaya sana, hapa chini kwa kiuno, na kwa wiki mbili nikanunua mkanda wa joto wa stima, nikanunua chupa ya mpira ya maji moto, dadangu akanitumia zile pachi za joto za kubandika, na nikaenda kwa fizio, yaani mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mazoezi, mara tatu. Hela imeenda. Sasa najua ni gani ilinisaidia na ni gani ilinipotezea wakati, na kama wewe umelala hapo saa hii huwezi kugeuka kwa kitanda tafadhali soma yote kabla hujatuma mtu akununulie kitu.

Mimi ni fundi wa nguo pale Uhuru Market, Nairobi, na Januari mnajua ni msimu wa yunifomu, hakuna kupumzika, mzazi anakuja na mtoto Jumapili jioni anataka sweta na sketi Jumatatu asubuhi. Naishi Pipeline, ghorofa ya tano, nyumba haina lifti na maji yalikuwa yamepotea siku ya tatu. Nikabeba jerikeni mbili za lita ishirini, moja kila mkono, hiyo ni kilo arobaini, na nilikuwa nimekaa kwa cherehani siku nzima nimeinama. Nikifika ngazi za ghorofa ya nne nikageuka kidogo nimpishe mtoto wa jirani apite, hapo hapo kitu kikashika upande wa kulia, kama mtu amekaza kamba ndani akafunga fundo. Nikaweka maji chini polepole nikashikilia ukuta. Sikuweza kunyooka wala kuinama. Mtoto wangu wa darasa la saba ndiye alinipandisha, ananisukuma nyuma na mkono mmoja na jerikeni kwa ule mwingine.

Usiku ule kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani akasema nilale kwa sakafu bila godoro. Mama akapiga simu kutoka Machakos akasema nikandwe na maji moto kama vile alinikanda nilipojifungua, na mimi nikamjibu, mama, hii si kujifungua, hii ni mfupa. Najuta kumjibu hivyo juu yeye ndiye alikuwa karibu zaidi na ukweli. Nikafuata ya jirani. Nikalala kwa sakafu siku mbili nzima, nikitoka tu kwenda choo, na siku ya tatu nilikuwa nimekakamaa kuliko siku ya kwanza, hata kuvaa soksi ilikuwa kazi ya dakika kumi na machozi.

Sasa tuanze na mkanda wa stima. Niliununua kwa duka moja huko tao kwa shilingi 2,800, duka sitalitaja. Ni kitambaa cha kufunga kiunoni na velkro, ndani kuna waya zinapata moto, una kitufe cha joto la chini, la kati na la juu. Kwa maneno ilikuwa nzuri. Kwa mwili, joto lilikuwa linakuja upande mmoja tu, ule wa kushoto, na mimi naumwa kulia, nikaugeuza, waya ikawa inanitoka kwa tumbo. Waya yenyewe ni fupi kwa hivyo lazima ulale karibu na soketi, na ukishalala hivyo umefungwa hapo kama mbuzi. Stima ikipotea mchezo umeisha, na kwetu ilipotea jioni mbili kati ya nne. Halafu usiku wa pili nikasinzia nikiwa nimeuwasha kwa joto la juu, nikaamka na alama nyekundu ukubwa wa kiganja ikaniuma siku nne. Hiyo ya kusinzia ni kosa langu, lakini mkanda ambao haujizimi wenyewe hautakiwi kuuzwa kwa mtu mgonjwa ambaye lazima atasinzia. Nilirudi nao nikaambiwa vitu vya kuvaa mwilini havirudishwi. Sitaununua tena na sikushauri, labda upate ule wenye kujizima na joto lienee sawa, na uujaribu dukani kwa soketi yao dakika tano kabla ya kulipa.

Chupa ya mpira ya maji moto ni kitu kingine kabisa. Shilingi 650 kwa duka la dawa, ya lita mbili, na kifuniko cha sufi juu yake. Hapa nataka kukaa kidogo juu watu wengi wanainunua bila kuangalia. Kwanza kuna ka-ua kadogo kamechorwa kwa mpira karibu na shingo ya chupa, kati kati ya ua kuna namba ya mwaka, na petali ni kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, zenye vidoti vya wiki. Hiyo ndio tarehe ya kutengenezwa. Mpira unazeeka hata ukiwa kwa rafu, na ushauri ni ubadilishe baada ya kama miaka miwili, kwa hivyo ukipata yenye ua la zamani iache hapo hapo hata kama bei imeshushwa. Ile ya kwanza nilipewa ilikuwa na miaka minne. Nikaomba nyingine, dada wa duka hakuwa anajua hiyo alama ni ya nini, nikamwonyesha tukaangalia zote pamoja na akatoa tatu kwa rafu. Kwa hilo nampa heko.

Kuijaza: usiweke maji yanayochemka. Chemsha, zima gesi, acha yapoe dakika chache, jaza theluthi mbili tu, halafu ilaze polepole hewa itoke mpaka uone maji karibu na mdomo, ndio ufunge. Ukiacha hewa inafura na joto halikai. Ifunge kwa leso au taulo, isiguse ngozi moja kwa moja. Yangu ikiwa kwa leso inakaa na joto zuri karibu saa moja na nusu, na mimi natumia dakika ishirini tu kwa mara moja. Stima ikipotea haina shida na wewe, gesi ya kuchemsha lita moja na kitu ni kidogo sana, na unaweza kulala nayo mahali popote, hata kwa sakafu ukifanya mazoezi. Kasoro zake: siku tatu za kwanza inanuka mpira mpya, na ukiilalia kwa uzito wote inaweza kuvuja au kupasuka, kwa hivyo lala kwa ubavu uiegemeze nyuma, au ulale kifudifudi mtu akuwekee juu ya kiuno. Mimi mtoto ndiye alikuwa ananiwekea.

Lakini hapa ndio maana ya haya maandishi yote. Siku tatu nilitumia hiyo chupa peke yake, asubuhi na jioni, na kila mara ilikuwa tamu, mgongo unalegea, napumua, halafu nusu saa ikipita fundo limerudi pale pale. Nilidhani chupa ni dhaifu nikaanza kuweka maji ya moto zaidi. Haikuwa chupa.

Dadangu akaniambia niende kwa fizio. Kuna kliniki ndogo Donholm, juu ya duka la hadwea, chumba kimoja kimegawanywa na pazia. Niliogopa bei. Ni 1,500 kwa mara moja, na kwa kweli kwa mtu wa cherehani hiyo ni pesa. Nilingoja dakika hamsini ilhali nilikuwa nimepewa saa tatu asubuhi, na viti vya kungojea ni vile vya plastiki visivyo na mgongo mzuri, kwa kliniki ya migongo hiyo wairekebishe. Cheti cha baraza la mafizio kimebandikwa ukutani na nilikisoma, na wewe popote uendapo kisome, juu tangu sheria ya 2014 fizio lazima awe amesajiliwa na mtaani kuna watu wengi wa kukanda wanajiita fizio.

Ndani ndio nilishangaa. Kijana mpole, hakunigusa kwanza, aliniuliza maswali karibu robo saa. Mkojo unatoka vizuri? Choo? Mapaja ya ndani na sehemu za kukalia zina ganzi? Mguu unakosa nguvu? Umepungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, una homa, umewahi kuugua kansa, umewahi kutibiwa TB? Nikamuuliza TB inaingiaje hapa, akasema TB inaweza kuingia kwa uti wa mgongo na mtu akazunguka miezi akijipaka dawa ya kuchua. Halafu akanigonga magoti na kanyundo, akaniambia nivute kidole gumba cha mguu juu yeye akizuia, nitembee kwa visigino, nitembee kwa vidole. Baada ya hapo akaniambia, "Mama, huhitaji picha ya eksirei. Hakuna dalili mbaya hapa, huu ni mgongo wa kawaida ulioshtuka, na wengi kama wewe wanapata nafuu kubwa kwa wiki chache." Mimi nilikuwa tayari nimetenga pesa ya eksirei. Hiyo peke yake ililipa ile 1,500.

Nikamwambia kuhusu chupa. Akasema chupa ni nzuri, endelea nayo, akaniuliza, ukiitoa unafanya nini? Nikasema nabaki nimelala nisiharibu. Akanijibu hivi, na nimeirudia kwa kila mtu tangu siku hiyo: "Basi mama umeota moto tu. Joto linalegeza misuli na kutuliza uchungu ndio upate nafasi ya kusogea. Hiyo nafasi ukiilalia inapita."

Mazoezi yenyewe si ya kutisha. Alinilaza kifudifudi dakika mbili, mikono pembeni. Halafu niegemee viwiko kama mtoto anaangalia TV kwa sakafu. Halafu nisukume na mikono kifua kiinuke, kiuno kibaki chini, nirudi, mara kumi polepole. Nilikuwa nahisi uchungu unashuka hadi kwa tako na juu ya paja, na nikifanya hivyo ukawa unapanda, unatoka kwa paja unarudi kati kati ya kiuno. Nikadhani ninazidi kuumia juu pale kati palikuwa moto. Akasema hapana, uchungu ukitoka mguuni ukikusanyika kati hiyo ni dalili njema, ukishuka mguuni zaidi ndio uache na unipigie. Hii njia, alisema, ilianzishwa na fizio mmoja wa New Zealand anaitwa Robin McKenzie, miaka ya hamsini, mgonjwa wake alilala kwa kitanda kilichoinuliwa kichwani, akalala kifudifudi bila kuambiwa, mgongo umekunjika kwenda nyuma, na McKenzie aliporudi akampata amepata nafuu. Lakini si kila mtu mwili wake unataka kwenda nyuma, kuna wale wa kukunja magoti kifuani, ndio maana anakupima kwanza, usichukue yangu tu ukafanya.

Ratiba yangu ilikuwa: chupa dakika ishirini, itoe, papo hapo kifudifudi na yale ya kusukuma mara kumi, kisha nilale chali nikunje magoti niyayumbishe kulia na kushoto, kisha nivae viatu nitembee dakika kumi mahali tambarare. Mara tatu kwa siku. Kwetu tambarare ni ukumbi wa ghorofa, nikatembea hapo huku na huku majirani wakiniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikirudi nyumbani nikaingia kwa simu kusoma, nataka kujua kama hii ni yake tu. Kumbe kuna utafiti ulifanywa San Diego, Marekani, ukatoka mwaka 2005, watu 100 ambao mgongo ulianza kuwauma karibuni, haijapita miezi mitatu. Wakagawanywa mafungu manne: wa pachi ya joto peke yake, wa mazoezi peke yake, wa joto pamoja na mazoezi, na wale waliopewa kijitabu tu wasome. Pachi ilikuwa ya nyuzi 40 hivi, inavaliwa masaa manane, siku tano mfululizo. Siku ya saba, kwa wale wa joto na mazoezi pamoja karibu 72 kwa kila 100 walikuwa wamerudi kufanya kazi za mwili kama kabla ya kuumia. Wa joto peke yake, 20. Wa mazoezi peke yake, 20. Wa kijitabu, 19. Niliisoma mara mbili. Yaani mimi na ile chupa yangu ya siku tatu nilikuwa kwa lile fungu la 20, na yule mwenye anajilazimisha mazoezi akiwa ameganda pia yuko hapo hapo. Watu 100 ni wachache, sitasema ni neno la mwisho, lakini ndivyo mwili wangu ulifanya.

Na hiyo ya kulala chini siku mbili, kuna nyingine ya Finland, 1995, wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, wengine wakaambiwa walale siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, wengine wakaambiwa endelea na shughuli zako vile unaweza kuvumilia. Walioendelea na shughuli ndio walipona haraka zaidi, wa kulala ndio walichelewa. Ukiangalia vizuri hata wa mazoezi hawakuwashinda wale wa shughuli za kawaida, na nilimuuliza fizio, akasema ndio maana yeye anahesabu kutembea na kupika kama mazoezi, hataki nijiue. Madaktari wa Marekani nao mwaka 2017 walitoa mwongozo kwamba mgongo wa ghafla uanze na vitu visivyo dawa, joto likiwa la kwanza kwa hiyo orodha, pamoja na kukandwa. Mama alikuwa sawa. Nilimpigia nikamwambia.

Kuhusu dawa, mimi nilimeza paracetamol siku nne za kwanza na sikuona tofauti, na kuna utafiti mkubwa wa Australia wa 2014 uliopata kwamba haiharakishi kupona kwa mgongo wa aina hii. Usiongeze dozi ukidhani haijafika.

Pachi za kubandika niliziacha mwisho. Dadangu yuko Doha, alinipa pakiti mbili kupitia mtu aliyekuwa anarudi. Ndani kuna unga wa chuma, mkaa na chumvi, umefungwa hewa isiingie, ukifungua tu chuma kinashikana na hewa kinapata joto chenyewe, taratibu, baada ya kama nusu saa kiko sawa, na kinakaa masaa manane. Hii kwa kazi haina mwenzake. Siku ya nane nilirudi Uhuru Market na pachi chini ya blauzi, hakuna mtu aliyejua, na kila nikimaliza sketi moja nasimama nafanya ya kunyoosha nikiegemea meza. Shida ni bei na ni ya kutupa, ukitumia moja kila siku kwa wiki umelipa chupa za mpira kadhaa. Kama una pesa ya siku mbili tatu za kazi ngumu, nunua. Kama huna, chupa na thamosi ya maji moto inafanya kazi, mwenzangu wa meza ya pili anafanya hivyo sai.

Vile nilienda: siku ya kwanza ya kuunganisha chupa na mazoezi nilivaa soksi mwenyewe jioni. Siku ya tatu nikapanda ngazi bila kushika ukuta. Siku ya tano nikalala usiku mzima. Siku ya kumi nikabeba maji, lakini lita kumi kila mkono, na safari mbili.

Kwa fizio sijafurahia mambo mawili. Karatasi ya mazoezi ni ya Kiingereza na herufi ndogo mno, mtoto ndiye alinisomea, na kwa mtaa wetu hilo linawaacha nje watu wazima wengi. Pili, siku ya pili mhudumu wa mlangoni alinisukumia pakiti ya mara kumi nilipe mapema, na fizio mwenyewe alikuwa ameniambia tatu zitatosha. Muulize fizio, usilipe mlangoni.

Na tafadhali, kama una sukari na miguu au ngozi yako haihisi vizuri, joto la aina yoyote uliza daktari kwanza, juu unaweza kuungua bila kujua. Usiweke joto juu ya kidonda au mahali pamevimba. Na ukiona yale aliyoniuliza mwanzoni, mkojo kukataa au kutoka wenyewe, ganzi mahali pa kukalia, mguu kulegea, hiyo si ya chupa, hiyo ni hospitali usiku huo huo. Homa, jasho la usiku na kukonda, usisubiri wiki iishe.

Kliniki iko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumamosi wanafunga saa saba mchana, fika kabla ya saa tano juu foleni ni ndefu. Vaa suruali laini, utalala kifudifudi. Na chupa ya maji moto nenda nayo, maji watakuchemshia, mimi nilijaziwa bure.